Mshale wa Mtu Aliyekaa

Vijana wa karakana mliniomba niandike kabla sijasahau, nami nilikubali kwa sharti moja: sitaandika habari za vyeo. Nani alipandishwa lini na nani aliachwa, hayo yamo kwenye mafaili ya ofisi, na hayajawahi kumsaidia mtu yeyote kuchonga gongo la kutembelea. Nitaandika kazi. Na katika kazi nitakaa zaidi kwenye jambo moja mnaloniuliza kila mara, ambalo Tatu, fundi anayeshika nafasi yangu, aliniuliza tena nilipokuwa najiandaa kurudisha funguo: mtu akikaa kwenye kiti cha magurudumu na kupewa upinde, unajuaje ni mshale upi unaomfaa?

Nilifika karakanani nikiwa msichana kutoka Goweko. Nyumbani tulilima tumbaku, na vidole vyangu bado vilikuwa na ule weusi wa majani mabichi ambao sabuni haiuwezi. Nilikuwa nimesomea useremala katika chuo cha kanisa, mwanamke peke yangu darasani, jambo ambalo wanafunzi wenzangu walilizoea upesi kuliko walimu. Kituo wakati ule kilikuwa jengo moja refu la matofali ya kuchoma, kando ya barabara inayofuata njia ya zamani ya misafara ya kwenda Ujiji. Watu waliokuja kwetu walikuwa wamepona lakini hawakurudi walivyokuwa: waliokatwa miguu, waliopooza, watoto waliozaliwa na nyayo zilizogeuka. Hospitali ilikuwa imemaliza kazi yake. Sisi tulianza yetu hapo.

Sista Benigna, aliyesimamia karakana, alinipokea mlangoni. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akitazama mikono yangu badala ya uso. Alikuwa binti wa wafugaji wa Nzega, mrefu, mwenye sauti ya kuita ng'ombe hata anapoomba chumvi. Akanipa ubao wa mninga akaniambia nitengeneze gongo la kwapani. Nilifanya kazi mchana kutwa. Nililipiga msasa likawa laini kama kijiko, nikalipaka vanishi. Jioni akalishika, akaligeuza, akanirudishia.

"La nani?" akauliza.

Nikasema sijui, hakuniambia.

"Hukuuliza," akasema. "Sasa tuna gongo zuri la mtu asiyekuwepo."

Kesho yake alinipeleka wodini, akanikalisha mbele ya mama mmoja mwenye mguu mmoja, akaniambia nimtazame anavyoinuka, anavyogeuka, anavyotua mzigo. Nisipime kitu, nitazame tu. Nilidhani ananiadhibu. Baadaye nilielewa kwamba hiyo ndiyo ilikuwa kazi yenyewe, na kuchonga ni sehemu yake iliyo rahisi.

Pinde zilikuja miaka mingi baadaye, ndani ya kontena la viti vya magurudumu lililotoka kwa wafadhili wa mbali. Sista alikuwa ameziomba mwenyewe. Alipokuwa masomoni ng'ambo aliona watu waliopooza wakilenga shabaha, na tangu hapo lilikuwa limemkaa kichwani. Hazikuwa kama pinde za walinzi wa jadi mnazozijua, za mti mmoja. Hizi zilikuwa na mpini wa mbao na mabawa mawili yanayofungwa kwa skrubu, na ncha za mabawa hayo zilijikunja kwenda mbele kama midomo ya mtu anayetaka kupiga mluzi. Hazikuwa na chombo chochote cha kulengea. Pamoja nazo ilikuja mishale ya kaboni: myeusi, myepesi, iliyonyooka kiasi cha kutia shaka.

Fadhili, mtaalamu wetu wa mazoezi ya viungo, mtu wa mjini hapa hapa Tabora, alicheka alipoiona. Baada ya muda mfupi aliacha kucheka. Mtu ukimwambia avute mpira wa mazoezi, atavuta mara chache kisha aanze kukusimulia habari za shamba lake. Ukimpa shabaha, wewe ndiye utakayechoka kumwokotea mishale. Mabega yalikuwa yanapata nguvu, migongo inanyooka, na Fadhili akawa anadai siku zaidi za upinde kuliko Sista mwenyewe.

Somo la ugumu wa mishale Sista alinipa juu ya meza ya randa. Alipigilia misumari miwili kwenye ubao, akaulaza ufito wa mshale juu yake, akatundika katikati jiwe la mizani linalokaribia kilo. Ufito ukabonyea kidogo. Akauondoa, akalaza mwingine, akatundika jiwe lile lile. Huu ukabonyea mara mbili ya ule. Kisha akanionyesha maandishi ubavuni: wa kwanza mia nne, wa pili mia nane. Watu wengi wanaoshika mishale hii mara ya kwanza hudhani namba kubwa ndiyo mshale wenye nguvu. Ni kinyume. Namba inasema ufito umebonyea kiasi gani chini ya uzito. Namba kubwa, mshale laini.

Nilimuuliza kwa nini tusitumie mishale migumu yote tukaishi kwa amani. Akanipa upinde, akaniambia nitazame mshale umelala wapi. Umelala ubavuni mwa mpini, wakati uzi unausukuma kuelekea katikati ya mpini huo huo. Mpini umekaa njiani. Kwa hiyo mshale ukiachiwa hauna budi kujipinda, uuzunguke mpini, kisha ujinyooshe ukiyumba kama samaki mpaka utulie. Ukiwa mgumu mno kwa upinde ule, haupindi vya kutosha, na kwa mtu anayevuta uzi kwa mkono wa kulia utakwenda kushoto. Ukiwa laini mno, utapinda kupita kiasi na kwenda kulia. Kwa anayevuta kwa mkono wa kushoto geuza yote, na usijiamini sana wakati unageuza.

Mengine yanafuata kutoka hapo. Upinde wenye nguvu unataka ufito mgumu. Ufito mrefu hupinda kirahisi kuliko mfupi, kwa hiyo ukiukata unauongezea ugumu. Chembe nzito, yaani ile ncha ya chuma, huufanya ufito ujipinde zaidi. Ndiyo maana nimewapigia kelele kwamba msumeno ni wa mwisho. Chembe unaweza kuibadilisha kabla chai haijapoa. Ufito uliokatwa haurefuki.

Jambo jingine la kaboni tulilijua kwa damu. Mshale mmoja ulikuwa umegonga jiwe, ukaonekana mzima, ukarudishwa kwenye podo, mfuko wa mishale. Fadhili aliuchukua akitaka kumwonyesha mgonjwa jinsi ya kuvuta. Alipoachia, ufito ulipasuka, na vibanzi vikaingia kwenye mkono wake wa kushoto kama miba ya samaki, tofauti ni kwamba miba ya samaki unaiona. Walivitoa hospitalini kwa subira kubwa. Tangu siku ile kila mshale unaookotwa unakunjwa kidogo karibu na sikio na kuzungushwa. Ukisikia mlio kama wa bua kavu, uvunje kabisa ili asiuokote mwingine mwenye huruma. Fadhili alipona, lakini hakuwa tena mtu wa kudai siku za ziada za upinde. Alisimama mbali, mikono nyuma.

Halafu Sista Benigna akahamishwa kwenda Sumbawanga. Shirika lake ndivyo linavyofanya. Mtu akishajua kila mlango unavyolia, anahamishwa. Aliniachia ubao wa misumari miwili, jiwe la mizani na namba ya simu. Na ni baada ya yeye kuondoka ndipo alipoletwa Mihayo.

Mihayo alikuwa mrina asali wa Usinge, mtu wa makamo, mabega mapana. Alikuwa juu ya mti porini akitundika mzinga kamba ikakatika. Uti wa mgongo uliumia, miguu haikurudi. Aliletwa kwetu akiwa amelala juu ya godoro nyuma ya gari, na mkewe Nyamizi ameketi kando akimkinga jua kwa kanga. Asubuhi yake ya kwanza nilimsalimia kwa Kinyamwezi, mwangaluka, nikitumaini lugha ya nyumbani ingemfungua. Akageukia ukutani.

Ilikuwa hivyo kwa majuma. Fadhili alimweleza kwa upole, kisha kwa ukali, kwamba mtu asiyehisi kitu chini ya kiuno lazima ajiinue kwa mikono yake mara kwa mara anapokaa, la sivyo nyama ya makalio inakufa bila yeye kujua. Wagonjwa wa aina yake hawauawi na kuanguka. Wanakufa baadaye, nyumbani, kwa kidonda. Mihayo alisikiliza yote na hakuinua hata kiwiko. Nyamizi ndiye aliyekuwa akimgeuza mchana na usiku, na yeye mwenyewe alikuwa mwembamba kama ufito.

Siku moja, akiwa amesogezwa dirishani ili shuka zibadilishwe, aliwaona wenzake wakilenga shabaha uwanjani. Akamwambia mkewe: "Nani amewafundisha kushika upinde hivyo?" Yalikuwa maneno ya dharau, na ndiyo maneno marefu aliyosema tangu afike. Nyamizi alikuja karakanani karibu akikimbia. Fadhili, ambaye alikuwa hapendi tena kuziona zile pinde, alinitazama akasema, "Mtoe nje kabla hajabadili mawazo."

Tulijua baadaye kwamba kijijini alikuwa mtu wa upinde hasa. Enzi za ulinzi wa jadi, kulipokuwa na mashindano, watu walisogea ili wamwone akipiga. Kwa hiyo alipouchukua upinde wetu aliugeuza mkononi kama anayeshika mtoto wa jirani, kwa adabu lakini bila kuvutiwa sana. Akavuta. Akaachia.

Mshale ulikwenda kushoto. Wa pili ukaenda kushoto. Wa tatu ukapita kabisa kando ya magunia ya tumbaku tuliyoyajaza matambara kuwa shabaha, ukachoma shina la mwembe wa barabarani, na ikabidi tuufuate kwa ngazi. Alipiga mishale yote ya kwenye podo. Hakuna uliokwenda alikotazama. Kisha akaulaza upinde juu ya mapaja yake, ambayo hayakuhisi uzito wake, akaniambia taratibu:

"Fundi Kalunde, miguu niliona imekufa. Sikujua kama na mikono imekufa."

Akaomba arudishwe kitandani. Siku hiyo hiyo alimwambia Nyamizi ampigie simu kaka yake aje kumchukua. Kaka akajibu kwamba atakuja akishapata gari. Fadhili aliniambia tukiwa wawili: "Akienda hivi alivyo, tutaletewa habari zake kabla ya mvua." Hakusema kwa ubaya. Alikuwa ameona wengi.

Mimi nilishuku mishale. Ilikuwa ya mia tano, mizuri kwa vijana wetu waliokatwa mguu na wanaopiga wakiwa wamesimama, na ndiyo laini kuliko yote tuliyokuwa nayo tangu ule mmoja wa mia nane wa somo la Sista uvunjike. Nilichukua ile mirefu ambayo haijakatwa. Nikaifunga chembe nzito kuliko zote zilizokuwa kwenye kopo. Nikachuna ile ngozi iliyobandikwa ubavuni mwa mpini ili mshale ulale karibu zaidi na katikati. Nikapiga mwenyewe, na ilikwenda sawasawa kabisa. Lakini mimi nilikuwa nimesimama kwa miguu miwili, nimekula ugali, na mgongo wangu mzima.

Nikampigia simu Sista Benigna. Nilimweleza habari za mishale, upinde, chembe, ngozi. Alisikiliza mpaka mwisho, halafu akauliza: "Anakaaje?"

Nikamwambia anakaa kwenye kiti cha magurudumu.

"Sikuuliza anakaa wapi. Nimeuliza anakaaje."

Nilikwenda wodini nikamwomba Mihayo ruhusa ya kumpima anapovuta. Alikuwa akisubiri gari la kaka yake na hakuona tofauti. "Pima," akasema. "Hata wa kuzikwa hupimwa." Nikampa upinde na ufito mwembamba niliouwekea alama, nikamwambia avute tu, asiachie. Safari hii sikutazama mshale kabisa. Nilimtazama yeye.

Misuli ya tumbo lake haikumshika. Alipoanza kuvuta, kiwiliwili kilitaka kuanguka mbele na upande, naye, bila kujua, alijiegemeza nyuma ya kiti na kusimamisha mkono mapema. Uzi haukufika pembe ya mdomo, mahali alipozoea kuufikisha maisha yake yote. Ulisimama mbele ya kidevu, upana wa kiganja mzima ukiwa umebaki. Nikaazima mizani ya kutundika kwa muuza nyama wa mtaani, nikauvuta upinde mpaka kwenye ile alama yake. Upinde ulioandikwa ratili thelathini, yaani mvuto wa kama kilo kumi na nne, ulimpa yeye ratili ishirini na kidogo. Kwa nguvu hiyo, mshale wa mia tano haupindi hata kwa chembe nzito namna gani. Tulikuwa tumempa nguzo ya uzio aitupe.

Nilimweleza. Akanisikiliza kama unavyomsikiliza mtu anayekufariji msibani. Sikumlaumu, mishale yote ilikuwa myeusi, yote imenyooka, yote inafanana kama mapacha. Mtu angeaminije kwamba kosa limo humo?

Kulikuwa na kazi mbili. Ya kwanza niliimaliza mwenyewe: mkanda wa kifuani, niliokata kwenye gari bovu lililokuwa limelala nyuma ya gereji, nikaushona kwenye mgongo wa kiti ili umshike asianguke anapovuta. Ya pili ilihitaji watu. Nilimpigia mwalimu mmoja wa klabu ya upinde Dar es Salaam, ambaye Sista alinipa namba yake, nikamwomba fito laini. Aliuliza za namba gani. Nikamwambia mia nane na elfu moja, chache za kila aina, zisizokatwa. Akacheka kwamba hizo huwa anawapa watoto wa shule. Nikamwambia zifike upesi. Akazituma kwa basi.

Zilifika, na kaka yake Mihayo akafika. Nilikuwa bado nabandika manyoya niliposikia gari likiingia uani. Kaka alikuwa mtu mzima, mpole, amevaa koti katika joto lile kwa heshima ya safari. Nilimwamkia, nikamwomba atupe muda kidogo wa kujaribu mishale kabla hawajamlaza ndugu yao garini. Alinitazama na ule mshale mkononi, akasema wametoka mbali, na wamekuja kumchukua ndugu yao, hawakuja kucheza.

Nyamizi alikuwa ameshafunga mizigo. Alisimama kati ya kitanda na mlango. Tangu aje kituoni sikuwa nimemsikia akipinga neno la mtu yeyote. Akasema, bila kupandisha sauti:

"Shemeji, kaeni kwanza mnywe chai. Mimi ndiye ninayemgeuza. Nataka kuona."

Kaka akakaa. Tukamfunga Mihayo mkanda, naye hakukataa, kwa kuwa kukataa nako kungechukua muda. Nikaanza na mishale ya elfu moja. Wa kwanza ukaenda kulia. Wa pili kulia. Niliona uso wake ukibadilika kidogo. Hakuwa na furaha. Alikuwa na udadisi, maana tangu aumie hakuna kitu chake kilichokwenda kulia. Nikaiondoa, nikampa ya mia nane. Mishale mitatu yenye manyoya ikachoma gunia karibu karibu, chini ya katikati, lakini mbele yake hasa. Kisha nikampa ufito wa mia nane usio na manyoya. Huo ndio msema kweli, kwa sababu manyoya hurekebisha makosa ya mshale njiani na kuyaficha, lakini ufito mtupu unakwenda na makosa yake yote mpaka mwisho. Ulichoma kushoto kidogo ya wenzake. Nikabadilisha chembe nikaweka nzito zaidi. Akavuta tena. Ufito mtupu ukaenda ukasimama katikati ya ile mitatu.

Hakuna aliyepiga makofi. Fadhili, aliyekuwa amesimama mbali kama kawaida yake, alisogea mpaka kwenye gurudumu la kiti. Mihayo alitazama gunia muda mrefu.

"Umefanya nini?" akaniuliza.

Nikamwambia mkono wake ni ule ule wa juzi, na upinde ni ule ule. Mkanda umemtuliza, na mshale nimeubadilisha. Basi.

Akaomba ule ufito. Nilipomletea akaushika kwa mikono miwili, akaukunja kidogo, akauachia, akaukunja tena, kama mtu anayejaribu kukumbuka jina. "Nyumbani tulikuwa tunakwangua," akasema. "Mti ukikataa upinde wako, unakwangua mpaka ukubali. Hii niliona haikwanguliwi."

"Haikwanguliwi," nikamwambia. "Inachaguliwa."

Akamgeukia kaka yake, akamwambia anywe chai yake polepole, na akimaliza arudi salama, awasalimie nyumbani. Kaka hakubisha. Kabla ya kuondoka aliomba na yeye apige mshale mmoja, akavua koti kwa shughuli hiyo, na mpaka leo hatujui mshale ule ulikwenda wapi. Gari liliondoka na godoro tupu nyuma.

Sitawaambia kwamba mambo yalikuwa mepesi baada ya hapo. Fadhili alimwekea masharti ya kikoloni: kwanza kujiinua kitini, ndipo mshale. Walipigana kwa maneno kila asubuhi, na wote wawili walinenepa. Kidonda kimoja kilimpata hata hivyo, kikachukua muda kupona, na wakati huo alilala kifudifudi akitoa maelekezo ya upigaji kwa wagonjwa wenzake kupitia dirishani. Miguu haikurudi, na hakuna aliyemwahidi kwamba itarudi. Lakini siku aliyokwenda nyumbani alitoka kitini akaingia kwenye gari kwa mikono yake mwenyewe, na Nyamizi alikuwa amesimama upande wa pili akiongea na dereva, hata hakugeuka kutazama. Mimi niliona hilo kuwa jambo kubwa kuliko yote ya siku ile.

Baada yake sikuanza tena na mshale. Alikuja mwalimu wa kike kutoka Igunga aliyepoteza mkono kwenye mashine ya kukoboa, akavuta uzi kwa meno, kwenye kipande cha ngozi. Mishale yake ilibidi iwe laini kuliko hata ya Mihayo, na tulisumbuka zaidi na kipande cha ngozi kuliko na mishale. Alikuja kijana wa reli mwenye mabega kama mlango, ambaye kila ufito ulikwenda kulia mpaka tulipofika kwenye mia nne. Kila mmoja nilimtazama kwanza akiwa amekaa tu. Halafu nikampima anavuta mpaka wapi, halafu upinde unatoa ratili ngapi hapo alipofika yeye, bila kujali kilichoandikwa kiwandani. Mshale ulikuja nyuma ya hayo yote, mrefu, bila kukatwa. Jedwali la kiwanda la kuchagulia mishale lipo ukutani na ni zuri, linakufikisha jirani na nyumba unayoitafuta. Mlango utaupata kwa kupiga ufito mtupu.

Mihayo alishindana Nzega, mara nyingine Tabora. Hakuwa wa kwanza wala wa mwisho, na kila aliposhindwa alilaumu upepo. Usinge alianza kutengeneza mizinga akiwa amekaa, watu wengine wakapanda kutundika. Tuliendelea kumsikia, kisha tukamsikia kwa nadra, kama inavyokuwa kwa watu ambao wako sawa.

Asubuhi ya siku yangu ya mwisho nilikuwa namwonyesha Tatu mahali pa kuweka mawe ya kunolea. Simu ya karakana, ambayo sauti yake husikika chumba kizima, ikalia, Tatu akaipokea. Alikuwa Nyamizi. Baada ya salamu, na habari za watoto, mvua na nyuki, akasema baba watoto ana shida, ila anaona aibu kusema. Amepata upinde mwingine kwa rafiki yake wa mashindano, na tangu aupate mishale yake yote inakwenda pembeni. Anadhani macho yameanza kuisha. Amekaa tu, hataki kupiga.

Nilinyoosha mkono nichukue simu, kisha nikaurudisha. Tatu alikuwa anaishika vizuri.

Aliomba aongee na mzee mwenyewe. Akamwamkia, akajitambulisha kuwa ndiye fundi mpya. Akamuuliza siku hizi anakaaje, kama bado anatumia mkanda wa kifuani. Mihayo akajibu kwamba mkanda aliuacha zamani. Akamuuliza uzi unafika wapi anapovuta. Akajibu, kwa sauti ya kukereka kidogo ambayo niliisikia mpaka nilipokaa, kwamba unafika pembe ya mdomo, ungefika wapi kwingine? Tatu akamuuliza ratili za upinde mpya, akaandika kwa penseli juu ya kibao cha mninga. Mwisho akauliza mishale inakwenda upande gani.

"Kulia," Mihayo akasema. "Yote."

Tatu alinitazama. Nikaendelea kupanga mawe ya kunolea.

"Mzee, macho yako ni mazima," Tatu akamwambia. "Una nguvu kuliko mishale yako. Itabidi tukutumie migumu zaidi."

Kuku wa Usinge walikuwa wanalia kwenye simu. Sauti yake ikaja, ya mtu aliyesogea karibu na kitu anachotaka kukielewa vizuri.

"Migumu kiasi gani?" akauliza.